Waliopata na Waliokosa: Kisa cha Ruzuku za Vijana Kaskazini mwa Uganda

Mwaka 2008, vijana wapatao 12,000 wa kaskazini mwa Uganda walipigiwa kura wasiyoiona. Makundi 265 yaliangukia upande wa kupata fedha, makundi 270 upande wa kukosa. Wote walikuwa wameomba na wote walikuwa wamepita mchujo, ila fungu halikuwatosha. Badala ya kuacha undugu na kujuana viamue, serikali ilikubali bahati nasibu iamue. Watafiti watatu, Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez, wakawafuata vijana hao: waliwahoji kabla fedha haijatoka, wakarudi baada ya miaka miwili, baada ya minne, kisha baada ya tisa.

Kisa hiki kinanivutia kwa sababu kinagusa ubishi usiokwisha kwenye vijiwe vyetu, kuanzia Arua hadi Busia. Upande mmoja unasema maskini hana mtaji, mpe mtaji uone. Upande wa pili unasema maskini akipewa fedha ataila, tatizo liko kichwani mwake. Vijana wa 2008 waliwaumbua wa pili mapema sana. Wale wa kwanza iliwachukua miaka tisa kugundua kwamba nao walikuwa na nusu ya ukweli tu.

Tuanze na mazingira. Vita vya LRA, kundi la waasi la Joseph Kony, viliteketeza kaskazini kwa takribani miaka ishirini, na hata sehemu ambazo Kony hakuzigusa sana, kama West Nile ya kaskazini-magharibi, zilikuwa na majeraha ya vita vyake zenyewe na ya kusahauliwa na Kampala. Mwaka 2003 serikali ilianzisha NUSAF, mfuko wa maendeleo ya kaskazini, kwa mkopo wa dola milioni 100 kutoka Benki ya Dunia. Mwanzoni fedha zilikwenda kwenye mambo ya jumuiya: madarasa, visima, mifugo. Mwaka 2006 ukaongezwa mpango wa vijana, wa umri wa miaka 16 hadi 35 hivi. Sharti lilikuwa mjiunge kundi, muandike pendekezo la kujifunza kazi ya mikono na kuianza, na mkubali fedha zote ziingie kwa mkupuo kwenye akaunti ya kundi. Baada ya hapo hakuna mtu wa kuja kukagua. Nani amenunua nini, nani amehudhuria mafunzo, hakuna aliyefuatilia. Kwa mtu aliyezoea miradi ya NGO yenye semina na fomu za kusaini posho, hilo peke yake ni ajabu.

Kundi la kawaida lilikuwa na watu 22 na lilipata karibu dola 7,500. Kwa kuwa makundi yalitofautiana ukubwa, wastani kwa kila kijana ulikuwa dola 382, yaani zaidi ya shilingi laki sita kwa thamani ya wakati huo. Kijana wa kwenye utafiti alikuwa na miaka 25 hivi na kipato kisichofika dola moja kwa siku. Kwa hiyo alipewa kwa mkupuo kiasi kinachokaribia kipato chake cha mwaka mzima.

Tusisahau jambo moja ambalo wengi wanaokitaja kisa hiki huliruka. Hawa hawakuwa maskini wa mwisho kabisa. Kuandika pendekezo kulihitaji mtu anayejua kalamu, mara nyingi mwalimu au kiongozi wa mahali aliyewasaidia. Kujiunga na kundi kulihitaji uwe mtu anayeaminika na wenzake. Kikongwe anayelea wajukuu watano hakuwamo, wala kijana aliyezama kwenye pombe ya waragi. Tunazungumzia maskini mwenye hatua, aliyekuwa tayari na wazo na wenzake, ila hana cha kuanzia.

Walizifanyia nini fedha? Zaidi ya nusu zilikwenda kwenye vifaa: vyerehani, misumeno na randa, mashine za kuchomelea, vifaa vya saluni. Sehemu ilikwenda kwenye ada za mafunzo na nyingine kwenye malighafi, na iliyobaki waligawana taslimu au kuitumia kwa mengine. Yapo makundi yaliyoshinda kura na bado hayakuziona fedha, maana njia kutoka hazina hadi mfukoni mwa kijana ina kona nyingi. Lakini kwa waliozipata, hadithi ya pombe na kuoa mke wa pili haikutimia. Kundi lilikuwa mlango tu wa kupitia. Baada ya kununua vifaa, wengi walifanya kazi kila mtu kivyake, wakishirikiana pengine jengo au mashine kubwa.

Baada ya miaka minne, mali za biashara za waliopata zilikuwa juu kwa asilimia 57 kuliko za waliokosa, saa za kazi kwa asilimia 17, na mapato kwa asilimia 38. Kwa programu za kuondoa umaskini, hizo ni takwimu nzito. Na hawakuacha shamba. Fundi alilima asubuhi na kushona alasiri, au alishona wakati wa kiangazi na kurudi shambani mvua zikianza. Kazi ya mikono ilijaza saa ambazo zamani hazikuwa na kazi. Huo ndio umaskini wa kijijini kwetu ulivyo: mtu hakai bure kwa uvivu, anakaa bure kwa sababu kati ya palizi na mavuno hakuna wa kumlipa.

Kwa nini hawakuweza kuanza bila ruzuku? Hapa ndipo uchumi wa umaskini unapokuwa kitu cha kushika kwa mkono. Cherehani hainunuliwi nusu. Ukiwa na robo ya bei yake, huna robo ya cherehani. Una fedha kidogo ndani ya nyumba yenye shida nyingi. Unauza simsim baada ya mavuno, unaweka kando. Mwezi unaofuata mtoto anaugua malaria, mara kuna msiba kwa wajomba na mchango hauepukiki, mara shule inafunguliwa na mwalimu mkuu anarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya fedha za uji na sare, ingawa elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu 1997. Akiba inarudi sifuri kabla ya msimu ujao. Hapo si kwamba mtu hajui kuweka akiba. Kila mwaka anaweka akiba, na kila mwaka inaliwa na jambo ambalo hakuna mwenye utu angelikataa.

Benki je? Benki inataka hati. Ardhi ya kaskazini kwa sehemu kubwa ni ya ukoo, haina hati, na hata kama ingekuwa nayo, hakuna kijana wa miaka 25 anayeweza kuiweka rehani bila wazee kukaa kikao. Mkopeshaji wa mtaani hataki hati, anataka riba, na riba yake inahesabiwa kwa mwezi. Fundi anayeanza, mwenye wateja wachache wanaolipa nusu sasa na nusu mavuno, hawezi kulipa riba ya mwezi kwa mwezi. Vyama vya kuweka na kukopa vya kijijini vinasaidia sana, lakini mgao wake wa Desemba unatosha mbuzi au mabati machache. Basi kijana anabaki na ujuzi wa nusunusu na hamu nzima, akisubiri fungu litakalofika kwa mkupuo. Mwaka 2008 lilifika kwa nusu yao.

Hadi hapo, ushindi ni wa upande wa kwanza wa kijiwe. Mpe mtaji uone, na tumeona.

Kisha watafiti wakarudi 2017. Pengo la mapato lilikuwa limefutika. Waliopata na waliokosa sasa walikuwa wakipata na kutumia karibu sawa. Kilichobaki kwa waliopata ni mali zaidi kidogo na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kwenye kazi ya ufundi. Na hawakuwa wameanguka. Kilichotokea ni kwamba waliokosa walipanda. Kwa biashara ndogondogo na vibarua, polepole, msimu kwa msimu, walifika pale wenzao walipokuwa.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema ruzuku zilishindwa. Sikubaliani nao. Kijana aliyepata alianza maisha ya ufundi miaka kadhaa kabla ya jirani yake, na miaka hiyo aliila kweli: alilipa matibabu, aliezeka bati, alioa, alimzika mama yake kwa heshima. Mtu akikuletea leo kitu ambacho ungekipata baada ya miaka kadhaa, amekupa miaka hiyo. Wanaobeza hilo kwa kawaida ni watu wanaopokea mshahara tarehe 28.

Lakini swali lililobaki ni zito zaidi, na linahusu waliokosa. Kama nao walipanda bila kusaidiwa, kwa nini walisimama palepale waliposimama wenzao? Yule aliyetangulia kwa miaka kadhaa angepaswa kuendelea kupaa. Angepaswa kuwa na vyerehani vitano sasa, kisha duka la vitambaa, kisha mtoto chuoni Makerere. Hilo halikutokea kwa wengi. Kwa usomaji wangu, mtaji ulikuwa kizuizi cha kuanza, na baada ya hapo kuna dari ambayo mtaji wa laki sita hauitoboi.

Dari hiyo mtu anaweza kuiona kwa macho pale Arua. Kuna baraza moja ya duka, karibu na soko, ambapo mafundi watano hukaa na vyerehani vya miguu, wote wakishona vitenge vilevile vilivyovuka kutoka Congo kwa njia ya Ariwara. Mwezi Januari wanashona sare za shule hadi usiku kwa taa ya sola. Machi wanapiga soga. Mmoja wao, mama wa makamo ambaye hakupewa ruzuku na mtu na alijinunulia mashine kwa fedha za kuuza mandazi, aliniambia huku akikunja pindo: "Kaka, zamani nilililia cherehani. Sasa ninacho, na hawa wote wanacho. Wa kushonewa ndio hatuna." Mita chache kutoka hapo limemwagwa rundo la mitumba, na gauni linaanzia bei iliyo chini ya ujira wa kushona.

Hebu pitia sababu za dari hiyo moja moja. Umeme: West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miongo mingi, ikitegemea jenereta na baadaye bwawa dogo la Nyagak lililoanza kuzalisha 2012. Fundi wa kuchomelea aliyewasha jenereta kwa petroli alilipa mara kadhaa ya alicholipa mwenzake wa Katwe, Kampala, halafu wote walishindana kuuza mlango uleule, maana mlango wa Kampala ulipanda lori na kufika. Soko: wafanyabiashara wetu walijenga matumaini kwa Sudan Kusini, na baada ya uhuru wa 2011 barabara ya Juba ilijaa malori ya mahindi, mbao na saruji. Desemba 2013 vita vikaanza, Julai 2016 vikarudi upya, na mwezi uliofuata Yumbe ikafunguliwa kambi ya Bidi Bidi iliyopokea watu zaidi ya laki mbili. Wateja wa jana waligeuka majirani wakimbizi. Wakaleta soko jipya la aina yake, maana mashirika yananunua na wakimbizi wenyewe wanafanya biashara, lakini si soko la kumfanya fundi wa kijijini aajiri watu kumi.

Nasema hivi kama maoni yangu. Watafiti hawakupima kila kimoja kati ya vitu hivi. Wao walipima watu, na watu walionyesha kwamba wanafika mahali wanasimama pamoja.

Kipimo kingine kinaniuma zaidi. Mtu akizungumzia kupanda ngazi ya maisha, kwa kawaida hamaanishi mzazi kupanda, anamaanisha mtoto kuanzia juu ya mzazi. Baada ya miaka tisa, watafiti waliona dalili kwamba huenda watoto wa waliopata walikuwa na afya nzuri zaidi, lakini kwenye elimu hawakuona tofauti kubwa. Miaka ya kipato kizuri ilipita juu ya shule bila kuacha alama nyingi. Nadhani kila mzazi wa kaskazini anajua kwa nini. Shule ya kijijini ikiwa na mwalimu mmoja kwa watoto mia, nyongeza ya asilimia 38 kwenye kipato haikununulii mwalimu. Inakununulia daftari. Ili ununue mwalimu, inabidi uhamishe mtoto shule ya kulipia ya bweni, na ada ya huko iko mbali na fundi wa barazani. Katikati hakuna kitu cha kununua.

Ndiyo maana takwimu za taifa zinaweza kuwa nzuri na bado mtu akahisi hajasogea. Umaskini Uganda ulishuka kutoka asilimia 56 ya watu mwaka 1992/93 hadi asilimia 20.3 mwaka 2019/20. Ni mafanikio halisi. Lakini katika uchunguzi huohuo wa 2019/20, Acholi na Karamoja umaskini ulizidi asilimia 60, ilhali Kampala haukufika hata asilimia 5. Vijana wa kisa chetu walifikiana wao kwa wao. Hakuna aliyewafikia watu wa Kampala.

Kuna kipande cha siasa ambacho siwezi kukipita. Serikali ikitoa fedha, wapinzani husema inanunua kura. Baada ya uchaguzi wa 2011 utafiti uliwauliza vijana hawa, na waliopata ruzuku hawakuwa na mapenzi zaidi kwa chama tawala, NRM, kuliko waliokosa. Kinyume chake, walijishughulisha zaidi na siasa, na zaidi upande wa upinzani. Mtu asiyemtegemea diwani kwa kibarua ana nafasi ya kumkataa. Wagawaji wa bahasha wangepaswa kulisoma hilo mara mbili.

Sasa kilicho mezani leo ni PDM, mpango wa maendeleo wa parokia (parokia hapa ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, si la kanisa), uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, kwa zaidi ya parokia 10,500, zikilenga asilimia 39 ya kaya ambazo wakati wa uzinduzi serikali ilisema zilikuwa nje ya uchumi wa fedha. Kaya inapata hadi milioni moja, kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya parokia, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ukilinganisha na riba za mtaani, masharti hayo ni ya kindugu.

Ukiiweka PDM kando ya kisa cha 2008, tofauti zinajitokeza zenyewe. Milioni ya leo ni ya kaya nzima, wakati laki sita na ushee za 2008 zilikuwa za kila kijana, na bei zimepanda zaidi ya maradufu tangu hapo. Kwa hiyo fungu la leo ni dogo, hata kama namba yake ni kubwa. Ya 2008 ilikuwa ruzuku, hii ni mkopo. Hapo niwe mwangalifu, kwa sababu mkopo si ubaya kwa kila mtu: katika jaribio jingine la Fiala hapahapa Uganda, kwa watu waliokuwa tayari na biashara ndogo, wanaume waliopewa mkopo pamoja na mafunzo waliongeza faida, na wanawake hawakuona mabadiliko. Mkopo humfaa mwenye biashara inayotembea. Kwa anayeanza kabisa, deni linamfanya achague kitu kinachorudisha fedha haraka badala ya kitu chenye faida, na ndiyo maana kila parokia unayopita kuna kuku na nguruwe wengi kuliko wanunuzi.

Hilo la kuku linatosha kunifanya nihofu. Mwaka 2008 vijana walijitawanya kwenye kazi mbalimbali na bado sokoni walijazana. PDM inasukuma kaya nyingi za parokia moja kwenye kilimo na mifugo ya aina chache, kwa wakati mmoja. Bei ya kifaranga inapanda siku fedha zinapotoka, bei ya kuku inashuka siku wanapokomaa, na anayepata faida ya uhakika ni muuza vifaranga wa mjini. Aliye na gari la kubeba mayai hadi Elegu, mpakani mwa Sudan Kusini, atanunua ya wote kwa bei anayotaka yeye.

Ningekuwa afisa biashara wa wilaya, ningeacha kuuliza ni kaya ngapi zimepokea na kuanza kuuliza bidhaa zao zinanunuliwa wapi na kwa bei gani baada ya miezi sita. Ningewaachia wanaotaka kuunganisha milioni zao wanunue kitu kisichogawanyika, kama mashine ya kukamua alizeti au jokofu la samaki wa Panyimur, badala ya kila mmoja kununua vifaranga vyake. Na kwa kuwa fedha haziwezi kufika kwa kila kaya mwaka mmoja, foleni ipo tayari. Foleni hiyo ingeweza kupangwa kwa kura ya wazi, mbele ya mkutano wa kijiji, majina yakitolewa kwenye kofia. Ingepunguza manung'uniko kuhusu shemeji wa mwenyekiti, na ingetupa waliopata na waliosubiri wa parokia moja, wa kuulizwa wote kila baada ya miaka miwili kama walivyoulizwa wale wa 2008. Gharama ya kuuliza ni ndogo mno kando ya trilioni moja inayotoka kila mwaka.